Anaona Mkono, au Anaona Mwanga Tu?

Ndugu zangu wauguzi wa macho, madaktari wenzangu, na ninyi mliowasindikiza wazazi wenu kliniki mkakubali kuketi nami kwa muda huu, nawashukuru.

Nitaanza na simu moja. Mzee mmoja alitolewa mtoto wa jicho, akawekewa lenzi ya bandia, na kesho yake akasoma herufi za ukutani huku akicheka. Siku ya sita aliamka akakuta ukungu mbele ya jicho. Binti yake akapiga simu kliniki alikofanyiwa upasuaji. Aliyepokea aliuliza, "Linamuuma?" Binti akamgeukia baba yake, baba akajibu kwamba haliumi sana. Wakaambiwa waendelee na matone, waje siku ya miadi. Mzee alipofika kwangu zilikuwa zimepita siku mbili. Nilipunga mkono mbele ya uso wake, hakuuona. Nilimulika tochi, akasema, "Hapo naona mwanga."

Nitarudi kwa mzee huyo. Nimemtanguliza kwa sababu aliyepokea simu hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Aliuliza swali ambalo sote tungeuliza, ila halikuwa ndilo la kuuliza kwanza. Ningependa tukitoka hapa kila anayeshika simu ya kliniki ya macho awe na swali jingine mdomoni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa endofithalmitisi. Ni maambukizi yaliyoingia ndani kabisa ya jicho, kwenye maji ya mbele na kwenye ute mzito ulioko nyuma ya lenzi, ule unaofanana na ute wa yai. Hutokea mara chache. Kwa kawaida ni chini ya mtu 1 au 2 katika kila upasuaji 1,000 wa mtoto wa jicho. Lakini upasuaji huu hufanywa duniani mara zaidi ya milioni 20 kila mwaka, kwa hiyo hayo machache, ukiyajumlisha, ni umati wa watu. Na kwa yule liliyempata, hesabu ya 1 katika 1,000 haimfariji hata kidogo.

Wadudu wanatoka wapi? Familia nyingi huja na hasira zikiamini kwamba vyombo vilikuwa vichafu. Inawezekana, na lazima ichunguzwe, hasa wagonjwa wawili au watatu wa siku moja wakiugua pamoja. Lakini mara nyingi zaidi bakteria ni wale wale wanaoishi kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, wasiomdhuru maisha yake yote, hadi siku wanapopata njia ya kuingia ndani. Ndani ya jicho hakuna mishipa ya damu inayopita kwenye ule ute. Askari wa mwili wanachelewa kufika, na wadudu wanakuta chakula na utulivu.

Mwaka 1995, huko Marekani, yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa 420 wa maambukizi haya, wote wakiwa ndani ya wiki 6 tangu wafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho au kuwekewa lenzi. Nitautaja tena na tena, maana mpaka leo ndio tunaouegemea. Katika wagonjwa hao, takribani robo hawakuwa na maumivu. Nawaomba mlishike hilo. Mtu mmoja kati ya wanne wenye usaha ndani ya jicho hakusema linauma. Ila karibu wote, asilimia 94, walisema uoni umefifia. Wengi walikuwa na jicho jekundu, na wengi zaidi, daktari alipowatazama kwa hadubini, walikuwa na usaha mweupe uliotuama chini, mbele ya duara lenye rangi, kama maziwa yaliyotulia chini ya bilauri. Nusu yao walifika siku ya sita au kabla.

Siku ya sita mgonjwa yuko nyumbani. Bandeji imeshatolewa na hakuna anayemwangalia isipokuwa mwanawe, na simu ndiyo mlango pekee alionao. Ndiyo maana nasema aulizwe kwanza, "Leo unaona vizuri kuliko jana, sawa na jana, au vibaya kuliko jana?" Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uoni hupanda siku hadi siku. Ukishuka baada ya kupanda, mgonjwa huyo aje sasa hivi, liwe linauma au haliumi. Asisubiri miadi, wala asisubiri Jumatatu.

Akifika, tunafanya nini?

Watu hushangaa tunapowaambia kwamba vidonge na dripu peke yake havitaliponya jicho. Retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na mishipa yake ina ukuta unaochuja vitu vya kwenye damu, na dawa nyingi hazipenyi kwa kiasi cha kuua bakteria. Utafiti ule wa 1995 ulilipima jambo hili: waliochomwa dawa za mshipani, seftazidimi na amikasini, hawakuona vizuri kuliko wasiochomwa. Dawa lazima iingie pale pale ulipo ugonjwa. Kwa hiyo tunatia jicho ganzi, tunalisafisha kwa povidoni-iodini, tunapitisha sindano nyembamba kwenye weupe wa jicho, tunavuta ute kidogo wa kupeleka maabara, kisha tunaingiza dawa mbili: vankomisini miligramu 1 na seftazidimi miligramu 2.25, kila moja ndani ya mililita 0.1. Ya kwanza inawawinda bakteria wa kundi moja, ya pili kundi la pili. Wauguzi mnaotayarisha dawa hizi, naomba zikae kwenye sindano mbili tofauti. Zikichanganywa katika bomba moja huganda na kuwa chembe nyeupe. Na kipimo kisikosewe, kwa sababu retina haisamehe. Dawa za jamii ya amikasini na gentamisini zimewahi kuua kitovu cha uoni kwa kuzidishwa kidogo tu, na ndiyo sababu wengi wetu tuliziacha tukahamia seftazidimi.

Jambo hili la sindano linaweza kufanyika ndani ya saa moja, mahali popote penye daktari wa macho, dawa na usafi. Lisisubiri bingwa wa retina. Nimepokea wagonjwa waliosafirishwa mchana kutwa wakiwa na barua nzuri sana ya rufaa na jicho ambalo halijaguswa. Tafadhali, chomeni dawa kwanza, barua ifuate.

Sasa swali nililoipa hotuba hii liwe jina lake. Kabla ya sindano, mtu mmoja apime uoni kwa makini na aandike. Kama mgonjwa hasomi herufi, ahesabu vidole. Kama hahesabu vidole, tunampungia mkono. Wale watafiti waliweka utaratibu ambao bado naufuata: taa nyuma ya mgonjwa, mkono wa mpimaji umbali wa sentimita 60, jicho la pili limezibwa sawasawa, na mgonjwa aseme kama mkono umetulia, unakwenda kulia na kushoto, au unapanda na kushuka. Akipatia mara 4 katika 5, anaona mkono. Akishindwa, tunapima mwanga.

Kwa nini nahangaika hivi na mkono? Kwa sababu pale ndipo njia zinapoachana. Watafiti walitaka kujua kama kila mgonjwa afanyiwe mara moja upasuaji wa kuondoa ute wenye usaha, yaani vitrektomi, au itoshe kuvuta sampuli na kuchoma dawa. Kwa walioona mkono au zaidi, hapakuwa na tofauti, njia zote mbili ziliwafikisha pamoja. Kwa waliokuwa wakiona mwanga tu, tofauti ilikuwa kubwa. Waliofanyiwa vitrektomi mara moja, asilimia 33 walirudi kuona 6/12 au vizuri zaidi, yaani kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12. Waliochomwa dawa bila vitrektomi walikuwa asilimia 11. Walioishia na upotevu mbaya wa uoni walikuwa asilimia 47 upande wa sindano, na asilimia 20 upande wa vitrektomi.

Kwa hiyo mpimaji aliyepunga mkono haraka haraka, akaandika "anaona mkono" kwa mtu aliyekisia tu, amemnyima mgonjwa upasuaji aliouhitaji. Natamani kila muuguzi ajue kwamba kipimo kile anachokifanya pale mlangoni ndicho kinachofungua au kufunga chumba cha upasuaji.

Twende sasa ndani ya chumba hicho, maana familia nyingi hukiogopa bila kujua kinachotendeka.

Vitrektomi ya namna hii ilianza na Robert Machemer, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Miami, mwaka 1970. Kabla yake madaktari waliuogopa ute wa jicho, wakiamini kwamba ukiugusa umelipoteza jicho. Yeye alionyesha kwamba unaweza kuingia kwa nyuma, ukaukata vipande vidogo vidogo, ukauvuta nje na kujaza maji mahali pake, na jicho likaendelea kuishi. Chombo chake cha kwanza kilikuwa kinene, na kazi zote zilipita kwenye tundu moja. Leo tunatumia vyombo vya nusu milimita hivi, na matundu matatu.

Jicho lenye usaha huwa limevimba na haligusiki. Ganzi ya sindano mara nyingi haishiki vizuri, kwa hiyo naomba nusu kaputi pale afya ya mgonjwa inaporuhusu. Matundu matatu tunayapitisha milimita 3.5 hivi nyuma ya ukingo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwenye ukanda mwembamba ambapo retina bado haijaanza. Tundu moja ni la maji yanayolishikilia jicho lisisinyae, la pili la taa, la tatu la kikataji, kisu kidogo ndani ya mrija kinachokata maelfu ya mara kwa dakika huku kikinyonya.

Kabla maji hayajafunguliwa, tunachukua ute safi kwa ajili ya maabara, nusu mililita hivi. Ukifungua maji kwanza, unapeleka maabara usaha uliozimuliwa, na pengine jibu litarudi tupu. Hata ukifanya kila kitu vizuri, katika utafiti ule ni takribani wagonjwa 7 kati ya 10 tu ambao wadudu wao walioteshwa wakathibitika. Sampuli isiyoota haimaanishi kwamba hakukuwa na maambukizi.

Halafu linakuja jambo linalonifanya nishike pumzi kila mara. Ndani ni giza la usaha, sioni ncha ya ule mrija wa maji. Kama ncha haijapenya hadi kwenye ute, ikabaki chini ya tabaka lililovimba, nikafungua maji, nitaibandua retina kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo sifungui mpaka niione. Ikibidi, naanza na maji ya kupitia chumba cha mbele, ile nafasi iliyo kati ya konea na duara lenye rangi, nasafisha mbele kwanza: naosha usaha uliotuama, nabandua kwa koleo dogo utando mweupe uliojishika juu ya lenzi kama ganda la maziwa yaliyochemka. Utando ule ukitoka, ni kama kuvua pazia. Lenzi ya bandia kwa kawaida naiacha mahali pake. Natoboa kifuko chake kwa nyuma ili mbele na nyuma viwasiliane na dawa ipite.

Kisha ute wenyewe. Unaanza katikati, unakata taratibu, na usaha unaondoka na maji mpaka unaanza kuona wekundu hafifu wa nyuma ya jicho. Ute wote ni mililita 4 hivi, lakini kwenye jicho bovu mililita hizo zinachukua muda mrefu.

Swali linaloleta ubishi kati yetu ni hili: uondoe kiasi gani? Watafiti wa 1995 walitosheka na nusu au zaidi kidogo, bila kuufukuza ute ulioshikamana na retina. Miaka 10 baadaye Ferenc Kuhn na Giampaolo Gini waliandika wakipendekeza kinyume: upasuaji wa mapema, tena kamili, kwa sababu usaha unaoachwa juu ya kitovu cha uoni unaendelea kumwaga sumu. Naielewa hoja yao, na vyombo vya leo ni bora mno kuliko vya wakati ule. Lakini mimi nina mpaka wangu. Retina iliyoumwa ni kama karatasi iliyolowa. Pale inapoonekana nyeupe, ina madoa ya damu, naacha. Tundu moja kwenye retina iliyooza ni kubanduka kwa retina nzima, na hapo utalazimika kujaza mafuta ya silikoni, kupanga upasuaji wa pili, na kuomba Mungu. Afadhali nibakize usaha kidogo kwenye kingo na kuiachia dawa imalize. Bali siufuati utafiti wa 1995 kwa macho yaliyofungwa kana kwamba ni sheria. Mgonjwa anayeona mkono leo asubuhi, na jioni, baada ya sindano, uoni unashuka na usaha unapanda, simwambii arudi kesho kutwa. Huyo naye anaingia chumba cha upasuaji. Wenye kisukari pia nawaangalia kwa jicho kali zaidi. Katika utafiti ule walionekana kufaidika na vitrektomi hata walipokuwa wakiona mkono, ingawa idadi yao haikutosha kuthibitisha.

Mwisho tunachoma zile dawa mbili, na tunashona matundu hata kama ni madogo, kwa sababu jicho hili halitakiwi kuvuja. Wengine huongeza deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya jicho kutuliza moto wa uvimbe. Ushahidi wake haujakaa sawa, na kama nashuku fangasi siigusi kabisa.

Mtaniuliza, je, baada ya hapo? Baada ya hapo ni kusubiri, na huu ndio wakati mgumu kwa familia. Siku ya kwanza jicho linaweza kuonekana baya kuliko lilivyokuwa. Hatupimi ushindi kwa siku moja. Ndani ya saa 48 hivi tunataka usaha wa mbele upungue na utando uanze kujikunja kingo. Visipotokea, tunarudia sindano tukiongozwa na jibu la maabara. Katika wale 420, mmoja katika kila 10 hivi alihitaji kuguswa tena ndani ya wiki ya kwanza, na retina ilibanduka kwa takribani asilimia 8, wenye vitrektomi na wasio nayo karibu sawa. Mwaka ulipokaribia kuisha, asilimia 53 ya wote waliona 6/12 au zaidi. Mdudu ndiye aliyeamua mengi. Wale bakteria wapole wa ngozi, ambao ndio wengi, huacha jicho likapona. Streptokokasi huharibu retina kwa kasi ya kutisha, na mara nyingine tunashinda vita dhidi ya mdudu huku uoni umeshapotea. Mtu akija siku moja mapema au siku moja kuchelewa, kwa mdudu wa namna hii, ni macho mawili tofauti.

Kuna aina nyingine ya polepole ambayo sitaikalia sana. Hujitokeza baada ya wiki nyingi au miezi, jicho likitulia kwa matone ya steroidi na kuwaka tena yakisimamishwa, na nyuma ya lenzi kuna doa jeupe kwenye kifuko. Huyo mara nyingi ni mdudu wa chunusi. Dawa peke yake mara nyingi haimtoi, unakata kifuko pale alipojificha, na akirudi, lenzi nayo inatoka. Na kuna lile linalofanana na maambukizi lakini si maambukizi, jicho kuvimba ndani ya siku ya kwanza au ya pili kwa sababu ya kemikali iliyobaki kwenye vyombo au maji. Ukishindwa kutofautisha, litibu kama maambukizi.

Kuhusu kuzuia, mnajua kazi yenu, nami nitasema mawili. Povidoni-iodini ya asilimia 5 idondoshwe machoni na ipewe dakika 3 kamili kabla ya kisu, hata kama orodha ya siku ni ndefu. Na sefuroksimi, dawa ya kuua bakteria, miligramu 1 kwenye chumba cha mbele mwishoni mwa upasuaji. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2007, kwa wagonjwa zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba wasiopewa walikuwa na hatari mara 5 hivi ya waliopewa. Dawa moja, mwisho wa kazi, kwa sekunde chache. Sioni sababu ya mgonjwa kuikosa pale inapopatikana.

Nilisema nitarudi kwa mzee. Tulimfanyia vitrektomi jioni ile ile. Maabara ikaotesha mdudu wa ngozi, hapo tulikuwa na bahati. Miezi kadhaa baadaye alikuwa akiona mistari mikubwa ya ubao, si ile midogo aliyoisoma akicheka. Uso wa mtu aliutambua. Jicho lake la pili nalo lilikuwa na mtoto wa jicho, na binti yake hakutaka kusikia habari ya kisu tena. Nilimweleza kwamba jicho moja kuambukizwa halimaanishi la pili litaambukizwa, kwamba tutatibu kope zake kwanza, na kwamba namba yangu ya simu atakuwa nayo. Walikaa miezi mingine wakifikiri. Mzee ndiye aliyeamua.

Baada ya upasuaji ule wa pili nilimpa miadi ya siku ya kwanza na ya wiki ya pili. Alikuja siku ya kwanza. Akaja siku ya tatu, bila kuitwa. Siku ya sita, saa moja asubuhi, nilimkuta amekaa kwenye benchi la kliniki na binti yake. Nikauliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, anaona vizuri kuliko jana, amekuja kuniambia hivyo. Nikamwingiza ndani, nikampima.

Asanteni. Nitapokea maswali, na wenye wagonjwa waliopasuliwa wiki hii naomba waanze.